Blanketi Nililolichemsha

Kufua ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, na ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nitasimulia habari za jirani. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mjane, naishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba za reli pale Nakuru pamoja na mwanangu wa pekee, na watu walinijua kwa shuka zangu. Nilifua nguo za wazungu waliokaa upande wa juu, chini ya Menengai, na hakuna memsaab aliyewahi kunirudishia hata foronya. Nikipita na karai kichwani, wanawake wenzangu walinitania kwamba jua linaona haya kuangaza karibu na kamba yangu. Nilizoea kusifiwa, na mtu aliyezoea kusifiwa ni vigumu kumwambia neno.

Mwanangu alikuwa taniboi, utingo wa lori la viazi. Walipakia Molo, wakashusha Nakuru, na katika huko kupakia ndiko alikomwona msichana. Baba wa msichana alichunga kondoo kwenye shamba la mzungu mmoja, na familia nzima ilikaa humo shambani. Kila msimu kondoo wakianza kuzaa, huyo mzee na mkewe waliacha nyumba yao wakapanda na kundi mpaka juu, upande wa Kuresoi, wakalala kambini chini ya turubai hadi wana-kondoo wapate nguvu. Huko asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi na maji ya kwenye ndoo hushika ganda juu. Kwa hiyo kwa watu hawa blanketi halikuwa pambo la kitanda. Lilifunika watu nyumbani, likapanda nao kambini, na aliyekosea kulichagua alikosea kwa miezi.

Ndiyo maana desturi yao ilikuwa hivi: posa haipokelewi bila blanketi la mama wa msichana, na blanketi lenyewe liwe la sufu. Habari za ng'ombe na mbuzi wanaume wangeweza kuzungumza hata mwaka mzima, kila mtu akivuta kamba upande wake. Blanketi lilikuja siku ile ya kwanza. Na siku hiyo haikuwa na nafasi ya kusogezwa, kwa sababu mzee alikuwa apande kambini wiki iliyofuata, na bila yeye hakuna mazungumzo. Tena kulikuwa na familia moja ya Olenguruone, watu wenye ng'ombe kweli kweli, waliokuwa wamekwisha kutuma mtu kumuulizia msichana huyo huyo. Sisi tukishindwa siku yetu, wao walikuwa mlangoni. Mwanangu alinieleza hayo yote akiwa amesimama, chakula kikipoa mbele yake, nikajua kwamba ameshikwa.

Tulikwenda pamoja kuchagua. Nilifikiri tutaingia duka la kwanza la Mhindi, tuoneshwe blanketi, tulipie, turudi. Kumbe msichana alikuwa amempa mwanangu masomo. Kijana aliliinua kila blanketi mlangoni kwenye mwanga. "Amesema ukiona mlango kupitia blanketi, baridi nayo itakuona," akaniambia. Akalikamata kwa ngumi, akalibana, akaliachia, akatazama kama litajirudia au litabaki na makunyanzi. Akalisugua shavuni. Halafu akachomoa uzi mmoja pembeni, akautia kiberiti. Ule wa pamba uliwaka upesi kama karatasi. Mwenye duka alikuja mbio akiuliza kama tumetumwa kuchoma mali yake, na mimi nikaona haya, nikajifanya natazama sufuria.

Duka baada ya duka mambo yakawa yale yale, amesema hivi, amesema vile, hata nikachoka na huyo msemaji ambaye sijamtia machoni. Mwisho mzee mmoja Mhindi alicheka alipoona kile kiberiti, akaenda nyuma, akarudi na blanketi la rangi ya kahawia lenye mistari miwili myeusi kila upande. Uzi wake haukuwaka. Ulijikunja, ukanuka nywele zilizoungua, ukabaki kipunje cheusi kilichosagika kidoleni. Mwanangu akanivisha. Lilinishuka mpaka chini ya magoti na ncha zake zikapishana kifuani pangu, na mimi si mwembamba. Lilikuwa zito, lakini uzito wa kupendeza, kama mtoto aliyelala mgongoni. Bei yake sitaitaja. Nitasema tu kwamba kijana aliacha kuvuta sigara kabla hajalinunua na hakurudia baadaye.

Tulipofika nyumbani akaniambia jambo la mwisho. "Mama, amesema hii haifuliwi ovyo. Ikishika vumbi, itundikwe kivulini kwa upepo, ipigwe polepole na kijiti. Ikichafuka kabisa ni maji baridi, bila kusugua, bila kukamua."

Nilimwuliza kama huyo msichana anajua mimi nafanya kazi gani. Akasema anajua. Nikamwambia basi ampelekee salamu, amwambie kwamba nilianza kufua kabla mama yake hajaota kumzaa. Mwanangu akacheka kidogo, akalifunga blanketi kwa gazeti, akaliweka juu ya sanduku. Mimi usiku ule nilinung'unika mpaka usingizi ukanichukua. Nifundishwe kufua, mimi, na mtu ambaye hajaingia hata mlangoni kwangu!

Tulifundishwa shuleni na makanisani kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetuambia mkuu asiposikia la mdogo huvunjika nini.

Mwaka huo ziwa letu lilikuwa limekauka. Aliyekaa Nakuru wakati ule atakumbuka lile vumbi jeupe. Upepo ulikuwa ukiinuka mchana, unalichota lile tope kavu la magadi na kulimwaga mjini, kwenye macho, kwenye unga, kwenye chai. Nguo nilizotundika safi nilizianua zimepauka, nikazifua tena, nikalitukana ziwa. Siku moja kabla ya safari yetu ya Molo, nikalifungua lile gazeti ili nilitazame blanketi. Vumbi lilikuwa limeingia. Mikunjo yote ilikuwa na michirizi myeupe, na nilipopitisha mkono, vidole vikatoka kama vya mwoka mikate.

Ningeweza kulitundika kivulini na kulipigapiga kama nilivyoambiwa. Lakini uani palikuwa na wanawake, na wote walijua kwamba kesho mfuaji anakwenda kuposa. Je, nitundike blanketi chafu mbele yao, nilipige kwa kijiti kama mtu anayefukuza kuku? Nikaona nitachekwa. Nikawasha moto, nikateleka debe la maji, nikakata sabuni ya mche, na nikaongeza magadi kidogo, kwa sababu nguo nzito hutaka magadi. Maji yalipochemka nikalitumbukiza, nikaligeuza kwa mti wangu wa kufulia.

Kwa wale wazungu nilikuwa nimefua kila kitu isipokuwa sweta. Sweta memsaab alizifua mwenyewe bafuni, kwa maji ya bomba, akizishika kama mayai. Nilidhani haniamini, na niliwahi kusema hivyo kwa wenzangu kwa uchungu. Sasa debe likachemka na harufu ya kondoo aliyenyeshewa ikajaa uani, nami nikasema, ona uchafu unavyotoka. Nikalitoa, nikalisugua, nikalikamua na jirani yangu, kila mmoja ameshika upande wake na kuzungusha mpaka maji yakaisha. Nikalianika juani. Lilining'inia refu, zito, linadondoka, na wanawake wakasifu.

Nilikwenda kupiga pasi nguo za watu. Niliporudi, blanketi lilikuwa limepanda kwenye kamba. Nilidhani upepo umelikunja. Nikaligusa, nikalikuta nene, gumu, limeshikana kama kitu kilichobandikwa kwa gundi. Mistari myeusi ilikuwa imesogea katikati. Nilimwita jirani, tukalivuta, yeye upande ule na mimi upande huu, tumekita miguu kama watu wanaovuta ng'ombe shimoni. Likamponyoka, akakaa chini kwa kishindo. Watoto wakacheka. Sikuwafukuza, kwa kuwa nilikuwa naangalia blanketi lile.

Mwanangu alirudi na lori jioni. Aliliona kabla sijasema lolote. Alilishika, akalibana kwa ngumi kama alivyofanya dukani, na halikujirudia popote, maana halikubanika. Aliketi kitandani. Nilingoja anitukane, na kwa kweli ingenisaidia, lakini yeye aliuliza tu kama kuna chai. Maduka yalikuwa yamefungwa na treni yetu ilikuwa ya alfajiri.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu wa posa. Alikuwa mtu wa reli, mwenye koti na sauti. Alipoletewa habari akaja, akalitazama, akatikisa kichwa, kisha akatoa shauri. Alisema amepeleka posa nyumba nyingi na hajaona mwenye adabu anayefungua zawadi mbele ya aliyeileta. Zawadi hupokelewa ikiwa imekunjwa, huwekwa ndani, watu hula. Likunjwe kwa unene, upande wa mistari uwe juu, na watakapolifungua sisi tuko Njoro. Baadaye tutaleta lingine kimyakimya. Mwanangu alitaka tuwaambie ukweli tukifika. Shemeji akamwuliza kama anataka mke au anataka kutubu. Siku hiyo sikuwa na mdomo wa kumshauri mtu.

Treni ya kwenda juu hupumua sana baada ya Njoro. Nililipakata blanketi njia nzima, na kila nilipolitazama nililiona dogo zaidi. Molo tulipokelewa na ukungu. Tulitembea mpaka shambani tukipita mashamba ya viazi na nyua za kondoo, na kila kondoo niliyemwona nilimwona kama shahidi.

Walitukaribisha vizuri, na hilo likanizidishia maumivu. Nyumba ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu safi, moto unawaka, viti vimeazimwa kwa majirani ili tusikose pa kukaa. Baba wa msichana alikuwa mtu mfupi, mpole, anayezungumza kama asiyetaka kushtua mifugo. Mkewe alikuwa mrefu kuliko yeye na mpana wa mabega, mwanamke wa kubeba maji na kuni bila kuomba msaada. Nilipoyaona mabega yale nilitamani kurudi stesheni. Msichana mwenyewe alikuja kutusalimia ameinamisha kichwa. Alikuwa na uso mtulivu, na aliponipa mkono akaniita mama. Nikamjibu, nikakumbuka zile salamu nilizomtumia.

Tuliomba Mungu, tukaulizana habari za safari. Shemeji akasimama, akakohoa, akasema maneno yake mazuri ya kwamba tumeona ua katika boma hili. Akalitoa blanketi likiwa limekunjwa, akalinyoosha kwa mikono miwili kumpa baba wa msichana. Yule mzee hakulipokea. Alitabasamu tu.

"Hiyo si yangu, mzee," akasema. "Kwetu ni mama wa kijana anavalisha mama wa msichana. Pini zikishika, tunaanza kuongea."

Shangazi wa msichana, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, alikuwa tayari amesimama na pini mbili kubwa mkononi. Akatufahamisha sisi wageni, kwa furaha, kwamba ncha sharti zikutane kifuani na kufungwa. Zisipokutana, watu hula, hushukuru, hurudi kwao, wakaja tena siku wakiwa na blanketi. Shemeji alinitazama. Lile koti lake likawa kama limepungua nalo.

Nilisimama. Mama wa msichana akaja katikati ya chumba, akanigeuzia mgongo, akangoja. Nilipolikunjua, blanketi likatoa sauti kama turubai. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akivuta pumzi. Nikaliweka mabegani pake. Halikumfika makalioni. Nikazunguka mbele, nikashika ncha ya kulia, nikaivuta, nikashika ya kushoto, nikaivuta, na katikati kukabaki gauni lake la kanisani, upana wa shubiri. Nikavuta tena. Alikuwa karibu nami hivi kwamba nilisikia anavyopumua. Na yule mama, ambaye hakunidai wema wowote, akayainamisha mabega yake mbele, taratibu, ili anisaidie. Nilitamani ardhi ipasuke. Kama angecheka ningeweza kumchukia. Ncha ziligusana kidogo, shangazi akachomeka pini, pini ikapinda kwa ule ugumu, ikaruka chini.

"Hii mmeletea nani?" shangazi akauliza. "Ama ni ya mtoto?"

Wanawake wakacheka kwa kuziba midomo. Mzee akainuka, akaja, akashika pindo kwa vidole viwili. Hakuhitaji kiberiti. Akasema kwa masikitiko, kama anayemtaja mgonjwa, kwamba hii ilikuwa sufu nzuri. Kisha akauliza nani amelipika.

Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilitoka mlangoni walikosimama wanaume.

"Ni mimi, mzee," mwanangu akasema. "Nilifua mwenyewe. Niliweka kwa maji ya moto."

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama huko Nakuru siku hizi taniboi pia hupika mablanketi. Mwanangu alisimama wima, amekaza taya, akawaacha wacheke. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilipata nafuu. Nilihisi mzigo umetoka kichwani.

Halafu nikamwona msichana. Alikuwa kwenye mlango wa jikoni ameshika birika. Alimtazama mwanangu kama mtu anayemtazama asiyemfahamu, kwa sababu ni yeye aliyemwambia, neno kwa neno, kivulini, kijiti, maji baridi. Baba yake naye alikuwa anawaza hilo hilo. Akamwuliza kijana kama hakuambiwa.

"Niliambiwa, mzee. Nikasahau."

Msichana akaliweka birika chini. Hakufanya zaidi ya hapo, lakini mimi ni mwanamke, nilijua kilichowekwa chini. Mume anayesahau neno lako kabla hajakuoa atakumbuka nini baadaye? Watu wa Olenguruone walikuwa wamepata mke pale pale, na shemeji yangu alilijua, kwa sababu alinikanyaga mguu kwa kiatu chake cha reli ili nisifungue mdomo. Nikisema ukweli, mwanangu ni mwongo mbele ya wakwe. Nikinyamaza, ni mjinga asiyemthamini binti yao. Na vyote viwili nimempikia mimi, kwenye debe langu. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale. Haya zilinishika masikioni, zikanishika mikononi, mikono hii niliyokuwa najivunia.

Nikautoa mguu wangu chini ya kiatu.

"Kijana anadanganya," nikasema. "Ni mimi nilichemsha. Nilichemsha na magadi. Alinieleza vile msichana alisema, yote, hakusahau hata moja. Nikakataa kuambiwa kufua na msichana mdogo. Kazi yangu ni kufua."

Hakuna aliyecheka sasa. Shemeji alifunika macho kwa mkono. Mwanangu alikuwa anatazama sakafu, amejishika sikio kama alipokuwa mtoto. Nilimwangalia msichana, na yeye hakuniangalia mimi. Alikuwa anamwangalia kijana, lakini ule ugeni ulikuwa umemtoka machoni. Mama yake bado alisimama mbele yangu, blanketi mabegani, na alinitazama kwa muda mrefu, uso wote, kisha mikono.

"Huyu kijana wako," akasema, "hudanganya hivi kila siku?"

Nilimwambia kwamba kwangu, hii ndiyo ya kwanza niliyoisikia.

"Basi akirudia kudanganya, adanganye kwa sababu ya msichana wangu."

Mzee ndiye aliyecheka kwanza, kicheko chake kidogo, na wengine wakamfuata. Akasema mazungumzo yaanze. Blanketi jingine lije atakaposhuka kutoka kambini, lije kavu, na msichana mwenyewe ndiye atakayelitunza. Shangazi akapinga kwamba pini hazijashika. Mzee akamjibu kwamba amesikia. Shemeji yangu akairudia sauti yake, akaanza kusema habari za ng'ombe kana kwamba mambo yote yamekwenda kama alivyopanga.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Mwanangu amepata mke, ningetaka nini tena? Lakini furaha ilikuwa upande ule wa chumba, na mimi nilikuwa upande huu na aibu yangu, sina pa kuiweka. Nilidhani sasa mama wa msichana atalivua lile blanketi na kulitupa pembeni nisilione tena. Kumbe desturi yao haikwishia kwenye pini. Mama akishavishwa, halivui mpaka wageni waondoke, maana kulivua mbele yao ni kuwafukuza. Na pini hazikushika. Kwa hiyo alizikusanya ncha mbili kwa ngumi ya kushoto, akazikaza kifuani, mabega yameinama mbele, na hivyo ndivyo alivyotuhudumia. Aligawa viazi hivyo. Aligawa nyama hivyo. Mwanamke yule mrefu alitembea mchana kutwa kama kibibi kizee anayeugua kifua, katika nyumba yake mwenyewe, ili mimi nisionekane nimefukuzwa.

Mara mbili niliinuka nimsaidie, mara mbili akanionyesha kiti kwa kichwa. Mgeni hafanyi kazi.

Chai ilipokuja alianza na wanaume, kisha akafika kwangu. Birika lilikuwa kubwa, limejaa, la kubebwa kwa mikono miwili, na yeye alikuwa na mmoja tu. Nilishika kikombe changu, nikakisogeza karibu kadiri nilivyoweza. Mkono wake ulitetemeka kwa uzito, chai ikamwagika sahanini na kidogo kwenye gauni langu.

"Pole, mama," akaniambia. "Nisamehe."